Kutoka Lango la Zhongda hadi Mto Manjano: Mtunzi Xian Xinghai na Mpiga Piano Yin Chengzong

  Leo tunawachukua hadi Guangzhou, mji mkuu wa mkoa wa Guangdong, kusini mwa China, mahali panapoitwa Zhongda.

Bila shaka wengi wenu mnaofanya biashara Kariakoo, Gikomba, Mombasa au Kampala mnalifahamu jina hilo. Kwenu Zhongda ni soko la vitambaa. Mtu hushuka kwenye kituo cha treni ya chini ya ardhi chenye jina hilohilo, akavuka barabara, na mara akajikuta katikati ya majora ya satini, lesi, pamba na hariri ya bandia, huku baiskeli za matairi matatu zikipita zimesheheni mizigo mirefu kuliko dereva mwenyewe. Lakini Zhongda si jina la soko. Ni kifupi cha Zhongshan Daxue, yaani Chuo Kikuu cha Zhongshan, kilichoanzishwa mwaka 1924 na Dakta Sun Yat-sen na baadaye kupewa jina lake. Soko lilizuka kando ya lango la kusini la chuo, likaazima jina la jirani yake mwenye elimu.

Siku moja nilimsindikiza sokoni humo mama mmoja mfanyabiashara kutoka nyumbani, aliyekuja kununua kitambaa cha sare za kwaya ya kanisa lao. Tulipomaliza kupatana bei alinieleza jambo lililokuwa likimkosesha usingizi. Kijana wake, ambaye ndiye mpiga kinanda wa kwaya hiyo, alikuwa amemaliza kidato cha nne na amekataa katakata kusomea uhasibu. Anataka kusomea muziki. "Sasa kaka," akaniuliza, "muziki ni kazi, au ni njia ya kumzeesha mama kabla ya siku zake?"

Sikuwa na jibu la mkato. Nilimwomba tuvuke barabara, tuingie chuoni, tukae chini ya miti. Yale niliyomsimulia siku ile ndiyo ninayowaletea leo, kwa mpangilio ulio bora kidogo.

Ndani ya lango lile kuna nyanja pana za majani, miti mikubwa yenye vivuli vizito, na majengo ya matofali mekundu yenye mapaa ya vigae vya kijani. Majengo hayo ya kale hayakujengwa na Chuo Kikuu cha Zhongshan. Kabla ya mwaka 1952 uwanja huu, unaoitwa Kangle, ulikuwa wa Chuo Kikuu cha Lingnan, ambacho chimbuko lake ni chuo cha Kikristo kilichoanzishwa mwaka 1888. Vyuo vya China vilipopangwa upya mwaka 1952, Lingnan kilivunjwa, na Chuo Kikuu cha Zhongshan kikahamia hapa.

Mwaka 1918 kijana mmoja maskini wa miaka 13 aliletwa hapa kutoka Singapore pamoja na wanafunzi wenzake. Jina lake ni Xian Xinghai. Alizaliwa tarehe 13 Juni mwaka 1905 huko Macau, katika jamii ya watu wa majini, wavuvi ambao kwa vizazi vingi mashua ndiyo iliyokuwa nyumba yao. Baba yake alifariki kabla yeye hajazaliwa. Mama yake, Huang Suying, alimpeleka Singapore, na huko akafanya kazi za utumishi katika nyumba za watu ili mwanawe apate kusoma. Kijana alipochaguliwa kuja Guangzhou, mama naye akarudi, akaendelea na kazi zilezile za kuinama na kufua.

Katika shule zilizokuwa chini ya Lingnan, Xian alijifunza kupiga klarineti, aina ya zumari la Kizungu, akawa hodari mno hata akapewa sifa ya mpiga zumari wa kusini. Alijilipia karo kwa vibarua. Mwaka 1926 alikwenda Beijing kusomea muziki, na mwaka 1928 akaingia katika chuo cha muziki cha Shanghai, ambako alisomea fidla na piano. Tangu wakati huo alikuwa na wazo moja ambalo hakuliacha mpaka kufa: kwamba muziki si pambo la matajiri, ni haki ya kila mtu, na kwamba China haikuhitaji mabingwa wachache wa kushangiliwa bali nchi nzima inayoweza kuimba.

Kutoka Shanghai alielekea Paris. Wasikilizaji, tunapotaja Paris wengi huona taa na mikahawa. Xian Xinghai aliiona mikahawa kwa mlango wa nyuma, kwa sababu alifanya kazi ya utumishi humo, na pia katika nyumba za kuogea. Alilala katika chumba cha darini, chini kabisa ya paa, ambamo upepo wa baridi uliingia kama mwenyeji. Katika chumba cha namna hiyo alitunga kazi iliyoitwa "Upepo", kwa ajili ya sauti ya mwanamke, klarineti na piano. Kazi hiyo ndiyo iliyowafanya wakubwa wa muziki wa Paris wamtazame mara ya pili. Alisoma fidla kwa Paul Oberdoerffer, na utunzi kwa Paul Dukas, mmoja wa watunzi mashuhuri wa Ufaransa wa zama zile. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alipofaulu mtihani wa kuingia darasa la utunzi, aliulizwa angependa tuzo gani. Akajibu kwamba anaomba tiketi za chakula.

Dukas alifariki mwezi Mei mwaka 1935, na mwaka huohuo Xian akarejea Shanghai. Angeweza kutulia. Alipata kazi katika kampuni za santuri na filamu, kwa mara ya kwanza akawa na mshahara na mama yake akawa karibu naye. Lakini mwaka 1937 Japani iliivamia China kwa vita kamili. Xian akaungana na kundi la wasanii lililozunguka kutoka mji hadi mji likiwafundisha watu nyimbo za kupinga uvamizi. Mama alibaki Shanghai. Mtoto alimwandikia barua, lakini wawili hao hawakuonana tena.

Mwishoni mwa mwaka 1938 alifika Yan'an, mji mdogo wa milima ya udongo wa kaskazini ambao wakati ule ulikuwa makao makuu ya Chama cha Kikomunisti cha China. Huko alifundisha katika Chuo cha Sanaa cha Lu Xun na kisha kuongoza idara yake ya muziki. Watu waliishi katika mapango yaliyochongwa ubavuni mwa milima. Mapema mwaka 1939 mshairi kijana, Guang Weiran, aliletwa hospitali ya Yan'an akiwa amevunjika mkono baada ya kuanguka kutoka kwenye farasi. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa amevuka Mto Manjano, ambao kwa Kichina huitwa Huanghe, karibu na maporomoko ya Hukou, akawaona wapiga makasia wakipambana na maji huku wakiimba. Kwa kuwa mkono wake haukuweza kushika kalamu, alilitaja shairi lake kwa mdomo, na mwenzake akaliandika. Lilikuwa na mistari ipatayo 400.

Xian alipolisikia likisomwa, alilichukua. Mwishoni mwa mwezi Machi mwaka 1939 alijifungia pangoni, na kwa muda wa siku sita akamaliza "Kantata ya Mto Manjano". Inasimuliwa kwamba aliomba sukari tu, akawa anailamba huku akiandika.

Kantata ni nini? Ni utungo mrefu wa kuimbwa na kwaya, wenye sehemu kadhaa, ambamo mara kwaya yote huimba, mara mwimbaji mmoja hutoka mbele, mara maneno husemwa bila kuimbwa, na vyombo vya muziki huviunganisha vyote hivyo. Kantata hii ina sehemu nane. Huanza na wapiga makasia wakiimba kwa kuitana na kuitikiana. Wale waliokulia Lamu, Pemba au Bagamoyo hawahitaji kufundishwa jambo hilo. Nahodha au mwimbishaji hutupa neno, mabaharia hulidaka, na kamba huvutwa kwa mkupuo mmoja. Hufuata sifa za mto, kisha vilio vya watu waliochomewa nyumba zao, wimbo wa mama aliyepoteza mtoto na kuukabidhi mto uchungu wake, na mwishoni mto wenyewe unanguruma. Katika sehemu ya saba, ya kuulinda mto, Xian alitumia ufundi wa sauti kufukuzana. Kundi moja huanza wimbo, la pili huuanza wimbo uleule likiwa nyuma kidogo, la tatu likafuata, hata msikilizaji akahisi kwamba watu wanamiminika kutoka kila bonde.

Sasa fikirini hali aliyokuwa nayo. Mtu aliyefundishwa Paris kuandikia okestra ya watu 80 alikuwa na fidla chache, filimbi, harmonika na erhu, ambayo ni ndugu wa zeze letu. Chombo cha sauti nzito hakikuwepo, hivyo walitengeneza erhu kubwa kwa debe la mafuta ya taa. Kwa kukosa vyombo vya kugonga, walitikisa vijiko ndani ya vikombe vya bati. Na kwa kuwa waimbaji wengi hawakujua kusoma nota za mistari mitano, aliandika kwa nota za tarakimu, ambazo huweka namba 1 mpaka 7 badala ya do, re, mi hadi ti. Wanakwaya wa Afrika Mashariki wanaosoma nyimbo kwa herufi za d, r, m watatambua mara moja kwamba ni dawa moja kwa ugonjwa mmoja: muziki wa sauti nne uweze kusomwa na mtu asiyemiliki hata chombo kimoja.

Kantata iliimbwa kwa mara ya kwanza Yan'an tarehe 13 Aprili mwaka 1939. Tarehe 11 Mei Xian mwenyewe aliiongoza kwa kwaya kubwa zaidi, mbele ya viongozi wa chama, Mao Zedong akiwa mmoja wao. Katika muda mfupi ilienea hata katika maeneo ambayo hayakuwa chini ya chama hicho.

Mwaka 1940 Xian alitumwa Moscow kutengeneza muziki wa filamu ya hali halisi kuhusu Yan'an. Aliagana na mkewe, Qian Yunling, na binti yao ambaye hakuwa ametimiza hata mwaka mmoja. Mwaka 1941 Ujerumani ikaishambulia Urusi ya Kisovieti na kazi ile ikakwama. Alijaribu kurudi nyumbani kupitia Mongolia, njia ikafungwa. Mwishoni mwa mwaka 1942 alijikuta Almaty, Kazakhstan, mgeni asiye na pesa wala lugha, akitumia jina la bandia. Mtunzi wa Kikazakh, Bakhytzhan Baikadamov, alimkaribisha na kumpa hifadhi katika miaka ambayo mkate wenyewe ulikuwa wa mgao. Xian alilipa kwa alichokuwa nacho. Alitunga shairi la okestra juu ya Amangeldy Imanov, kiongozi wa maasi ya Wakazakh ya mwaka 1916, na mwaka 1944 akafanya kazi ya kueneza muziki katika mji wa Kostanay. Afya yake ilikuwa imekwisha. Alifariki Moscow tarehe 30 Oktoba mwaka 1945, akiwa na umri wa miaka 40. Vita vilikuwa vimemalizika. Nyumbani hakufika.

Wasikilizaji wapenzi, hapo ndipo maisha ya mtunzi yanapokoma, na ndipo maisha ya mpiga piano yanapoanza kuingiliana na kazi yake.

Yin Chengzong alizaliwa mwaka 1941 katika kisiwa kidogo cha Gulangyu, mkabala na mji wa Xiamen, mkoani Fujian. Kisiwa hicho kiliishi wageni wengi wa nchi za nje, makanisa yalikuwa mengi, na piano zilikuwa nyingi kiasi kwamba Wachina hukiita kisiwa cha piano. Alianza kujifunza akiwa na miaka 7, na akiwa na miaka 9 akapiga mbele ya hadhira. Alipofika umri wa miaka 12 hivi aliondoka peke yake kwenda kusoma Shanghai. Mwaka 1959 alishinda nafasi ya kwanza katika mashindano ya tamasha la vijana duniani mjini Vienna. Baadaye alisoma Leningrad, na mwaka 1962, katika mashindano ya Tchaikovsky mjini Moscow, akapata nafasi ya pili. Alikuwa na miaka 21.

Kisha mwaka 1966 yakaanza Mapinduzi ya Utamaduni. Piano, chombo kilichotoka Ulaya, ilihesabiwa kuwa alama ya mabepari. Piano nyingi zilivunjwa. Liu Shikun, aliyeshika nafasi ya pili katika mashindano hayohayo ya Moscow mwaka 1958, alifungwa gerezani kwa miaka. Gu Shengying, mpiga piano wa kike aliyekuwa amejizolea sifa Ulaya, alijiua mwaka 1967. Alikuwa hajatimiza miaka 30.

Katika hali hiyo, mwezi Mei mwaka 1967, Yin alifanya jambo ambalo linasimuliwa mpaka leo. Yeye na wenzake waliibeba piano, wakaiweka katika uwanja wa Tian'anmen, katikati ya Beijing, akakaa na kuwauliza wapita njia wanataka wimbo gani. Aliwapigia nyimbo walizozijua na vipande vya opera ya Beijing, kwa siku tatu. Alitaka ionekane kwamba chombo hakina kosa, kosa au wema umo katika kinachopigwa. Hata jina lake alilibadilisha wakati ule, akachagua maandishi yenye maana ya uaminifu. Mwaka 1968 alitunga muziki wa piano wa kusindikiza uimbaji wa opera ya "Taa Nyekundu", na kwa njia hiyo piano ikapata kibali cha kuishi.

Hatua iliyofuata ilikuwa kantata ya Xian Xinghai. Mwaka 1969 iliundwa kamati ya kuigeuza kuwa konseto ya piano. Wajumbe wake walikuwa Yin Chengzong, Liu Zhuang, Chu Wanghua, Sheng Lihong, Shi Shucheng na Xu Feixing. Kazi hiyo ilisimamiwa na Jiang Qing, mke wa Mao, aliyekuwa na kauli ya mwisho juu ya sanaa zote. Vijana hao walisafiri hadi kingo za Mto Manjano, wakakaa na wapiga makasia, wakapanda mashua zao na kusikiliza wanavyopigiana kelele za kazi.

Konseto ni utungo ambamo chombo kimoja hujibizana na okestra nzima. Mara hushindana, mara husaidiana, kama vile mwimbaji wa taarabu anavyojibizana na fidla na qanuni zilizo nyuma yake. "Konseto ya Mto Manjano" ina sehemu nne na huchukua dakika zipatazo 20. Katika sehemu ya kwanza, kelele za wapiga makasia zimekuwa mibio ya vidole inayopanda na kushuka kama mawimbi. Katika sehemu ya pili, wimbo wa sifa uliokuwa wa sauti nzito ya mwanamume umepewa seli, fidla kubwa zenye sauti ya kifua, na piano huupokea baadaye kwa utulivu. Sehemu ya tatu hufunguliwa na filimbi ya mwanzi, na piano huigiza mitetemo ya guzheng, chombo cha Kichina cha nyuzi nyingi. Katika sehemu ya nne, kule kufukuzana kwa sauti za kwaya kumekuwa kufukuzana kwa piano na vyombo vya okestra.

Kitu kimoja kimetoweka: maneno. Shairi alilolitaja Guang Weiran akiwa kitandani halimo. Mwishoni mwa konseto, badala yake, umeingizwa wimbo "Mashariki ni Mekundu", uliokuwa wa kumsifu Mao. Ndiyo maana wako wanaosema kwamba kamati iliiokoa kazi ya Xian, na wako wanaosema kwamba iliivika sare ya mtu mwingine. Ukisikiliza kwa makini utaona kwamba pande zote mbili zina hoja. Sisi wa Afrika Mashariki tuna mfano unaotusaidia kufikiri. Wimbo wa taifa wa Kenya wa mwaka 1963 ulitayarishwa na kamati ya watu watano, kutokana na wimbo ambao akina mama wa Kipokomo, kando ya Mto Tana, waliwabembelezea watoto. Hakuna anayesema kwamba wimbo wa taifa ni mbaya. Lakini mama wa Tana akiusikia uwanjani, je, bado ni wake? Mtunzi, au jamii iliyotunga, huachia wimbo uende, na wimbo ukishakwenda huvaa nguo za kila nyumba unamolala.

Konseto ilipigwa hadharani Beijing mwaka 1970, Yin mwenyewe akiwa kwenye piano. Mwezi Septemba mwaka 1973 okestra ya Philadelphia kutoka Marekani, ikiongozwa na Eugene Ormandy, ilizuru China, na Yin akaipiga konseto hiyo pamoja nayo mjini Beijing. Ulikuwa wakati wa nchi hizo mbili kuanza kuzungumza upya baada ya miaka zaidi ya 20 ya uhasama.

Lakini kile kilichompandisha ndicho kilichomshusha. Mwaka 1976 Mao alifariki na Jiang Qing akakamatwa. Yin, ambaye piano yake ilikuwa imestawi chini ya kivuli cha mama huyo, alichunguzwa na kuzuiwa kupiga hadharani kwa miaka kadhaa. Konseto nayo ikawekwa kabatini. Mwaka 1983 alihamia Marekani akiwa na miaka zaidi ya 40, umri ambao mpiga piano huvuna, naye akawa anaanza kupanda. Alipiga katika ukumbi wa Carnegie wa New York, akafundisha katika chuo cha muziki cha Cleveland, na baada ya miaka mingi akarudi mara kwa mara kupiga nchini kwake. Konseto yenyewe ilirudi pia. Mwaka 2006 Lang Lang, mpiga piano mashuhuri wa kizazi kipya aliyezaliwa mwaka 1982, aliirekodi pamoja na okestra ya China Philharmonic chini ya uongozi wa Long Yu.

Na Xian Xinghai? Mabaki yake yaliletwa China kutoka Moscow mwaka 1983, mwaka uleule Yin alipoondoka, na baadaye yakazikwa Guangzhou, karibu na ziwa la Luhu. Mwaka 1985 chuo cha muziki cha Guangzhou kikapewa jina la Xinghai. Mwaka 1998 ukafunguliwa ukumbi wa muziki wa Xinghai katika kisiwa cha Ersha, ndani ya Mto Zhujiang, yaani Mto Lulu, si mbali na Zhongda. Mwaka huohuo mji wa Almaty ukaipa barabara jina lake. Guangzhou yenyewe imekuwa mji wa piano. Kampuni yake ya Mto Lulu, iliyoanza mwaka 1956, ni mojawapo ya watengenezaji wakubwa zaidi wa chombo hicho duniani.

Nilipofika hapo, yule mama alikuwa amekaa kimya, mkono juu ya mfuko wa sampuli za vitambaa. Nilidhani ataniuliza kuhusu karo, au kuhusu mishahara ya wapiga piano. Aliuliza jambo jingine kabisa.

"Yule mama yake aliyekuwa akifua nguo za watu, alipata kuusikia huo wimbo wa mto?"

Nilimwambia kwamba hapakuwa naye siku ulipoimbwa mara ya kwanza. Alikuwa mbali, katika mji uliokamatwa na adui, na mwanawe alikuwa pangoni akilamba sukari. Zaidi ya hapo sikuongeza neno, kwa sababu si haki kumfariji mtu kwa kitu usichokijua.

Akatikisa kichwa. Tulipokuwa tukirudi langoni aliniambia kwamba hatamruhusu kijana aache vitabu, hilo alisahau kabisa. Lakini aliniomba nimwandikie kwenye karatasi jina la mtunzi, herufi kwa herufi, na jina la ile konseto, kijana akaitafute aisikilize. "Asije akasema mama yake alikwenda China akarudi na majora matupu," alisema. Kisha tukavuka barabara, akaenda kulipia kitambaa cha kwaya, rangi ya zambarau, mita 60.

Wasikilizaji wapendwa, mimi si mshauri wa wazazi, na wala habari za watu hawa wawili hazitoi jibu moja. Mmoja alikufa maskini ugenini na mji mzima ukaja kumwita mwana wake. Mwingine alishangiliwa akiwa kijana, akanyamazishwa, akaanza upya katika nchi ya watu. Wote wawili walikuwa na mafunzo ya kiwango cha juu kabisa, na mafunzo hayo ndiyo waliyobaki nayo kila walipopoteza vingine vyote. Mzazi anayesita ana haki ya kusita. Kijana anayetaka kupiga kinanda naye ana haki ya kujua kwamba jambo hili husomewa kwa miaka, kama udaktari.

Kufikia hapo ndipo tunakamilisha kipindi chetu cha leo. Tungependa kusikia kutoka kwenu: ni wimbo gani wa mto, wa ziwa au wa bahari unaoimbwa kwenu, na ni nani aliyewafundisha? Tuandikieni, nasi tutazisoma barua zenu katika kipindi chetu kijacho. Hadi wakati huo, nawatakia kila la heri. Kwaherini.